Maple Leafs wametolewa tena: mwakani watacheza hawa hawa?

Bao la tatu la Florida lilipoingia, mwanangu hakulia. Alivua jezi yake ya bluu, ile yenye namba 16 ya Mitch Marner mgongoni, akaikunja taratibu kama mama yake anavyokunja kanga, akaenda kuisukuma chini ya kitanda. Akarudi sebuleni na singlendi, akakaa ubavuni mwangu, akauliza: "Baba, mwakani watacheza hawa hawa?"

Ilikuwa Jumapili usiku, tarehe 18 Mei 2025, mechi ya saba, kipindi cha pili kati ya vitatu. Nilimwambia tungoje kwanza iishe. Iliisha 6-1. Toronto Maple Leafs, timu yetu ya hoki ya barafuni hapa Toronto iliyomaliza msimu ikiongoza kundi lake kwa pointi 108, ilibugizwa mabao sita na Florida Panthers mbele ya watu wake. Siku nne kabla, katika mechi ya tano, kwenye uwanja ule ule, ilikuwa imefungwa kwa idadi ile ile: 6-1. Na mfululizo huu ulianza Toronto ikiwa imeshinda mechi mbili za mwanzo.

Kwa msomaji ambaye hoki ya barafuni ameisikia kwa mbali tu: baada ya mechi 82 za msimu wa kawaida, timu 16 huingia kwenye mtoano. Timu mbili hukutana mpaka mojawapo ishinde mechi nne. Mechi ya saba huja pale tu ambapo kila upande umeshinda tatu, na baada yake hakuna kesho. Ukizivuka raundi nne za namna hiyo unabeba Kombe la Stanley. Toronto imelibeba mara 13, na mara ya mwisho ni tarehe 2 Mei 1967, enzi ambazo ligi nzima ilikuwa na timu sita. Leo zipo 32.

Jirani yangu, mzee ambaye kila Januari tunakutana nje na makoleo yetu tukiondoa theluji, alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja mwaka ule. Analikumbuka gwaride. Anakumbuka alivyobebwa mabegani na baba yake ili aone. Jumatatu asubuhi baada ya kipigo hiki ilikuwa sikukuu ya Victoria, siku ambayo watu wa huku huanza kupanda mboga kwa kuwa baridi kali imekwisha. Nilimkuta ameinama kwenye bustani yake. Hakutaja hoki hata kidogo. Aliniuliza kama miche yangu ya nyanya nimeshaitoa nje, kisha akaendelea kuchimba. Mwaka jana alitukana mpaka jioni. Ukimya wa safari hii umenisumbua kuliko matusi yale.

Mimi niliingia kwenye mapenzi haya kupitia mlango mbaya kuliko yote. Nilikuwa na miezi michache tu Kanada, nafanya zamu ya jioni kwenye ghala la mikate huko Mississauga. Tarehe 13 Mei 2013, wakati wa mapumziko, nilikuta wenzangu wamejazana mbele ya televisheni ndogo iliyowekwa juu ya jokofu. Kaka mmoja Mfilipino, aliyekuwa akinifundisha kuendesha folklifti, alinieleza sheria ya kuotea kwa vifuniko vya chupa juu ya meza: paki, kile kisahani cheusi cha mpira wanachokigombania, lazima ivuke mstari wa bluu kabla ya mshambuliaji. Toronto ilikuwa ugenini Boston, mechi ya saba, inaongoza 4-1 kipindi cha tatu. Watu walishaanza kupigiana simu. Boston wakapata la pili. Zikiwa zimebaki sekunde 82 wakapata la tatu. Zikiwa zimebaki sekunde 51, Patrice Bergeron akasawazisha, na katika muda wa nyongeza akafunga yeye huyo huyo. Mwalimu wangu alivaa glavu zake, akazima televisheni, akarudi kwenye mapaleti bila kusema neno.

Tangu usiku ule mimi ni wa Leafs. Nilikuwa mgeni katika mji nisioujua, na huzuni ile ilikuwa kitu cha kwanza nilichoshirikiana na watu wake bila kuhitaji kuelezwa.

Kwa hiyo ninayoyaandika hapa, Mei 2025, yanatoka kwa mtu aliyekaa na timu hii miaka kumi na miwili. Naomba tuweke hasira pembeni kidogo tuangalie hesabu, maana kinachoitesa Toronto kina umbo lake, na umbo hilo linaonekana.

Mwaka 2016 klabu ilimchagua Auston Matthews akiwa wa kwanza katika usajili wa vijana. Mechi yake ya kwanza tu alifunga mabao manne. William Nylander na Marner walishakuwamo. Julai 2018 akaja John Tavares, mtoto wa Mississauga, kwa mkataba wa miaka saba wa dola milioni 77, akatuonyesha picha yake ya utotoni amelala kwenye mashuka yenye nembo ya Leafs. Nakiri nililengwa na machozi nilipoiona picha ile. Wanne hao ndio wakawa nguzo za nyumba.

Sasa tazama mechi za kufa au kupona, zile za mwisho za kuamua mfululizo mzima, tangu walipokutana. 2019 dhidi ya Boston: 5-1. 2020 dhidi ya Columbus, mechi ya tano ya mfululizo mfupi: 3-0. 2021 dhidi ya Montreal, baada ya kuongoza mfululizo 3-1: wakafungwa 3-1. 2022 dhidi ya Tampa Bay: 2-1. 2024 dhidi ya Boston: 2-1 katika muda wa nyongeza. Na sasa Florida, 6-1. Mechi sita, mabao matano. Hakuna hata moja ambayo Toronto ilipata bao la pili. Wafungaji ni Tavares, Nylander mara mbili, Morgan Rielly na Max Domi. Matthews, aliyefunga mabao 69 katika msimu wa kawaida wa 2023-24, hayumo. Marner, aliyemaliza msimu wa 2024-25 na pointi 102 (mabao na pasi za mabao), hayumo.

Mtu ataniambia hiyo ni bahati mbaya. Mara moja ni bahati mbaya, hata mara mbili. Paki hugonga mwamba, kipa wa upande wa pili huamka na siku yake. Tavares mwenyewe aliumia mechi ya kwanza kabisa dhidi ya Montreal mwaka 2021, goti la mpinzani lilimpata kichwani akiwa chini, na hilo halikuwa kosa la mtu. Mwaka 2025 kipa Anthony Stolarz aliumia mechi ya kwanza dhidi ya Florida, Joseph Woll akaibeba timu, na mechi ya sita akazuia kila kitu, 2-0, usiku ambao tulianza kuamini tena. Lakini mechi sita ndani ya miaka saba, na kila moja bao moja au sifuri, hiyo ni tabia. Mwaka 2024 dhidi ya Boston, Toronto ilipata mara 21 nafasi ya kucheza na mtu wa ziada, mpinzani akiwa ametolewa nje kwa adhabu. Walifunga mara moja. Timu ile ile iliyokuwa ikifumua nyavu kuanzia Oktoba hadi Aprili.

Kinachotokea kwenye mtoano ni kwamba nafasi inakwisha. Florida wanakabia juu. Beki wa Toronto akigeuka nyuma ya lango lake na paki, tayari mtu yuko mgongoni kwake, wa pili kaziba njia kwenye ubao wa pembeni, wa tatu anasubiri pasi ya kulazimisha. Timu yenye ufundi wa kupitisha paki katikati haipati katikati. Bao la namna hiyo hulipati kwa urembo; unalipata kwa kusimama mbele ya kipa ukipigwa mbavu mpaka paki imguse mtu na kuingia. Mechi ya saba Florida walipata mabao sita kwa wafungaji sita tofauti: Seth Jones, Anton Lundell, Jonah Gadjovich, Eetu Luostarinen, Sam Reinhart na Brad Marchand. Lundell, Luostarinen na Marchand walikuwa safu ya tatu, washambuliaji wanaoingia kupokezana na mastaa. Gadjovich alikuwa wa safu ya nne. Domi alipotupatia pumzi mwanzoni mwa kipindi cha tatu, haikutimia dakika moja, Luostarinen akaifunga milango.

Safu ya tatu na ya nne ndizo zinazonirudisha kwenye fedha. Ligi ina ukomo wa mishahara, na msimu wa 2024-25 ulikuwa dola milioni 88 kwa klabu. Matthews alikuwa analipwa milioni 13.25, Nylander 11.5, Tavares 11, Marner karibu 10.9. Zaidi ya nusu ya mfuko mzima ilikwenda kwa watu wanne, na wengine wote wa kikosi waligawana kilichobaki. Kwa haki lazima niseme kwamba mikataba ya Tavares na Marner ilisainiwa wakati kila mtu akitegemea ukomo uongezeke kila mwaka. Kisha ikaja korona, ukagandishwa kwenye milioni 81.5 kwa misimu mitatu. Hakuna aliyeliona hilo likija. Lakini lilipokuja, mpango ulipaswa kubadilika, na haukubadilika.

Vitu vingine vyote vilibadilishwa. Kocha Mike Babcock aliondolewa 2019, akaja Sheldon Keefe. Keefe akaondolewa 2024, akaja Craig Berube, mtu aliyebeba kombe na St. Louis. Meneja mkuu Kyle Dubas hakuongezewa mkataba 2023, akaja Brad Treliving. Na Alhamisi baada ya kipigo hiki klabu ilitangaza kwamba Brendan Shanahan, rais wake tangu 2014, haongezewi mkataba. Makocha, mameneja, mabeki, makipa, wote wamepita. Wanne wakabaki. Mwaka 2021, baada ya aibu ya Montreal, uongozi ulijitokeza hadharani kusema bado unaliamini kundi lile lile.

Hapa ndipo nataka kuwapeleka kwenye jengo lile lile, kwa mwajiri yule yule, mlango wa pili. Toronto Raptors, timu ya mpira wa kikapu, inacheza Scotiabank Arena kama Leafs na iko chini ya kampuni ile ile. Rais wake mpaka Juni 2025 alikuwa Masai Ujiri, ambaye baba yake ni Mnigeria na mama yake ni daktari kutoka Kenya. Sisi Waafrika Mashariki wa mji huu tunamwita mjomba. Mwaka 2018 Raptors walikuwa na msimu mzuri sana, kisha Cleveland ya LeBron James ikawafuta 4-0, mwaka wa tatu mfululizo wanatolewa na timu hiyo. Ujiri alimfukuza kocha Dwane Casey, ambaye msimu huo huo alichaguliwa kocha bora wa ligi. Julai akamtoa DeMar DeRozan, kijana aliyeupenda mji huu kuliko wengi waliozaliwa humu, na kumleta Kawhi Leonard aliyekuwa amebakiwa na mwaka mmoja tu wa mkataba. Watu walimlaani. Nilikuwa mmoja wao, nilimwona katili. Juni 2019 tulikuwa barabarani tunashangilia ubingwa.

Sasa tazama waliotutoa. Msimu wa 2021-22 Florida walimaliza juu ya ligi nzima kwa pointi 122. Raundi ya pili Tampa Bay wakawafunga 4-0, na katika mechi zote nne Florida wakapata mabao matatu tu. Unaona jinsi inavyofanana na ya kwetu? Tofauti ni kilichofuata. Meneja mkuu Bill Zito hakumwachia timu kocha Andrew Brunette, aliyekuwa katika orodha ya mwisho ya kuwania tuzo ya kocha bora, akamleta Paul Maurice. Mwezi mmoja baadaye akamtoa Jonathan Huberdeau, aliyekuwa ametoka kupata pointi 115, pamoja na beki MacKenzie Weegar, akamchukua Matthew Tkachuk kutoka Calgary. Msimu uliofuata waliingia mtoano kwa nafasi ya mwisho, wakaitoa Boston iliyokuwa imevunja rekodi ya ligi, wakatutoa sisi kwa mechi tano, wakafika fainali. Mwaka 2024 wakabeba kombe.

Na aliyekuwa meneja mkuu wa Calgary siku Tkachuk anaondoka ni Brad Treliving, yule yule aliyekuja kuwa meneja mkuu wetu 2023. Simsemi vibaya, Tkachuk alikuwa amemweleza kwamba hatasaini mkataba mrefu, mikono yake ilikuwa imefungwa. Lakini alipoajiriwa Toronto tarehe 31 Mei 2023, mikono ilikuwa na mwezi mmoja wa kuwa huru. Tarehe 1 Julai mwaka ule kifungu katika mkataba wa Marner kilianza kufanya kazi: hahamishwi popote bila ridhaa yake. Mwezi ule ulipita. Mkataba ulikuwa unakwisha tarehe 1 Julai 2025, na wakati ule klabu ilikuwa inaelekea kubaki mikono mitupu baada ya miaka tisa ya mchezaji bora kuliko wote waliolelewa hapa katika kizazi chake. Hilo linaniuma kuliko mabao sita.

Najua hoja ya upande wa pili, na sipendi kuipita kama siioni. Tampa Bay ilishinda mechi 62 msimu wa 2018-19, ikafutwa 4-0 na Columbus raundi ya kwanza, na haikuvunja kundi lake. Ilibeba kombe 2020, ikabeba tena 2021. Washington walimvumilia Alexander Ovechkin tangu 2005 mpaka 2018 ndipo wakaonja. Kwa nini basi Toronto isivumilie? Kwa sababu Tampa hawakukaa wakisubiri. Februari 2020 walitoa chaguo mbili za raundi ya kwanza (haki ya kuchagua vijana bora mapema katika usajili) kuwapata Blake Coleman na Barclay Goodrow, watu wa kukimbiza, kugonga na kuzuia, ili wawe na safu ya tatu inayoweza kushinda mechi siku mastaa wamebanwa. Nguzo zilibaki, ila kuta zilijengwa upya. Toronto ilijaribu kununua kuta kwa chenji iliyobaki baada ya kulipa nguzo. Uvumilivu wa Washington na Tampa ulikuwa na fedha nyuma yake.

Mechi ya tano baadhi ya mashabiki walirusha jezi barafuni, mojawapo ya Matthews. Naielewa hasira, lakini kitendo chenyewe sikikubali. Marner ni mtoto wa vitongoji vya hapa hapa, alikua akiishangilia timu hii hii, na amekuwa akizomewa na watu wa mtaani kwao kana kwamba yeye ndiye aliyejiandikia mkataba na kupanga kikosi. Mchezaji anacheza alivyo. Kujua alivyo, na kumzungushia watu wa kukamilisha anachokosa, au kumbadilisha kwa heshima wakati bado ana thamani, hiyo ni kazi ya walioko ofisini. DeRozan aliumizwa na alivyoondolewa, na bado mpaka leo akirudi Toronto anapigiwa makofi. Marner alikuwa katika hatari ya kuondoka bila hata hilo.

Nilichotaka kiangazi cha 2025 kinaeleweka. Marner akiamua kwenda, mwacheni aende kwa amani, na zile milioni 10.9 msizipeleke kwa staa mmoja mwingine mwenye jina. Zigawanyeni. Nataka wachezaji watatu wa aina ya Luostarinen, ambao mwanangu hawezi kuwataja leo, lakini watakaosimama mbele ya kipa usiku wa mechi ya saba. Matthews alikuwa amebakiwa na misimu mitatu kwenye mkataba wake, hadi 2028, na ndiye aliyekuwa nahodha. Kama hata kwa msaada huo mambo yatakuwa yale yale mwakani, basi zungumzeni naye naye, mapema, kabla mikono haijafungwa tena.

Jumanne jioni mwanangu aliuliza tena, safari hii akiwa anapiga mswaki. Nilimwambia hapana, sidhani kama watakuwa wote. Akatema povu, akafikiri. "Na namba 16 akihama, jezi yangu naivaa?"

Nilimwambia aivae. Ile ni jezi ya Toronto, na Marner aliivaa miaka tisa. Asubuhi niliitoa chini ya kitanda nikaifua, maana ilikuwa na doa la juisi kifuani tangu mechi ya sita, alipoimwaga akishangilia bao la Matthews.